Bendi ina siku moja ya mapumziko Kampala: zuu ya Entebbe inafaa au tulale tu?

BesiNyuziNne

Wakuu, salaam.

Napiga besi kwenye bendi moja ya dansi hapa Dar, na kwa bahati mbaya ndiye niliyekabidhiwa pia kazi ya kupanga safari, maana meneja wetu akipanga mwenyewe tunalala stendi. Mwezi ujao tunaenda Uganda. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tunapiga Kampala, Jumanne tunapiga Masaka tukiwa njiani kurudi. Jumatatu yote hatuna kazi. Tuko kumi na moja: waimbaji watatu, gitaa la solo, la rhythm na la besi, drums, tumba, tarumbeta moja, rapa na fundi mitambo. Dereva ni wa kumi na mbili, na ndiye mwenye akili kuliko wote.

Nimependekeza twende zuu ya Entebbe. Wamenicheka mpaka leo. Rapa wetu kasema, "Mikumi tunapita na basi, twiga anatukodolea macho bure, leo nikalipe kiingilio nikamwone kwenye fensi?" Waimbaji wanataka kwenda Owino kuchagua mitumba ya kuvaa jukwaani. Mpiga solo anataka kulala. Fundi mitambo anataka kwenda popote pale ambapo hakuna spika.

Sababu yangu ni moja tu. Tukibaki gesti najua kitakachotokea. Saa nne asubuhi mtu ataanza kuuliza posho ya Jumapili iko wapi, saa saba hawasemeshani, na Jumanne tunapanda jukwaani Masaka kila mtu anapandisha sauti ya chombo chake kumfunika mwenzake. Yameshatukuta Morogoro, yakatukuta Singida. Nataka pa kuwatoa, basi.

Kuna aliyewahi kupeleka bendi pale? Siku moja inatosha kwenda na kurudi bila haraka? Na mwimbaji wetu mmoja koo limeanza kukwaruza tangu mazoezini, je, hapo ni mahali pa vumbi? Naombeni msinijibu "inategemea".

MstaafuWaMagomeni

Siku ya off ni kulala. Mnyama pekee wa kumwangalia siku hiyo ni mbu, tena kupitia chandarua.

Mzee wa Tumba

Kijana wa besi, huyo anayekwambia ulale hajawahi kulala chumba kimoja na mpiga tarumbeta.

Sisi tulikwenda 2016, na wala hatukwenda kwa kupenda. Promota wetu, jina lake nalihifadhi, alikuja asubuhi na uso wa msiba akatuambia shoo ya siku ile imeahirishwa, hela iko njiani. Hiyo hela mpaka leo iko njiani. Tukabaki na basi lenye mafuta, siku nzima, na bendi iliyonuna. Mpiga solo na mwimbaji kiongozi walikuwa siku ya tatu hawasemeshani. Mwimbaji alidai sebene, pale gitaa linapotawala na yeye ananyamaza, inarefushwa makusudi ili yeye asimame pale mbele kama kabati. Mpiga solo akajibu kwamba kabati lina faida, linabeba vitu. Toka hapo kimya. Mmoja akawa anakaa kiti cha nyuma ya dereva, mwingine kiti cha mwisho, na sisi wengine katikati kama mpaka wa nchi mbili.

Dereva ndiye aliyetupeleka Entebbe, hakumuuliza mtu. Wakati ule barabara ya kulipia ilikuwa bado haijafunguliwa, tukapita Kajjansi na foleni yake.

Sasa nikwambie cha kwanza. Ukiingia, usiwakimbize watu kwa simba. Simba mchana amelala, na rapa wako atapata la kusema. Wapeleke moja kwa moja kwa korongo-nyangumi. Ni ndege, lakini sijui kama neno ndege linamtosha. Rangi ya majivu, kimo kinakufika kifuani, na mdomo kama kiatu cha mbao alichoazima kwa mtu mwenye mguu mkubwa, una madoa kama ukuta wenye unyevu na ndoana nchani. Anasimama hivyo hivyo. Unaweza kumaliza sigara hajasogea. Jicho ni la rangi ya maji ya uji, linakutazama kama afisa wa mpakani anayeangalia picha ya pasipoti halafu wewe.

Mtunzaji akatuambia tuiname, yeye huwa anarudisha salamu. Kiongozi wa bendi akatangulia kwa cheo chake, akainama. Ndege akageuza shingo akatazama ukuta. Akaja mwimbaji, hola. Dereva, ambaye alikuwa amesimama nyuma anatafuna karanga, akainamisha kichwa kidogo tu kama anayemwamkia mjomba wake. Lile dege likainama hadi chini, likatikisa kichwa kushoto na kulia, halafu likapiga mdomo.

Hapo ndipo kila mpiga chombo pale alipoacha alichokuwa anafanya. Fikiria vifuu viwili vya nazi vinagongwa kwa kasi ambayo kifundo cha binadamu hakina. Sauti ni ya mvungu, kavu, imetoka kwenye kitu kitupu. Nilisikia kwenye meno. Ikaenda kama sekunde nne, ikakatika kama vile umeme umekwenda.

Mpiga drums wetu akamwomba dereva ainame tena. Dereva akainama, ndege akapiga. Mara ya tatu. Ya nne. Mpiga drums amefumba macho anahesabu, mimi napiga vidole pajani nitafute pa kuingilia. Hakuna. Yaani ile kitu haina moja, pale mzunguko wa mapigo unapoanzia. Miaka thelathini nimekaa nyuma ya tumba, nimepiga na Wakongo, nimepiga na bendi za jeshi, nimepiga harusi ambazo bwana harusi mwenyewe ndiye aliyeshika maikrofoni, sijawahi kukosa moja. Pale nilikosa. Mpiga drums akasema ipo, imejificha kwenye pigo la tatu. Ubishi huo tulikuja kuubeba ndani ya basi hadi Masaka.

Cha pili ni sokwe. Wamewekwa kwenye kisiwa kwa sababu hawajui kuogelea, mfereji wa maji unatosha kuwa ukuta. Tulikuta wametulia wanatafutana chawa. Halafu dume moja likaanza chini kabisa, huu, huu, pumzi inaingia na kutoka na vyote vinasikika. Linapandisha taratibu, wengine wanaitikia, linapanda, linapanda, mara pale juu kelele tupu, mikono inapiga, miguu inapiga, majike yanapiga mayowe, halafu linashuka polepole mpaka linanyamaza. Nakuapia ulikuwa ni wimbo wa dansi kutoka mwanzo hadi mwisho: rumba ya kuanzia, kupanda, sebene, kushusha.

Mpiga solo akageuka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu akamsemesha mwimbaji. "Umemwona? Sebene yake hakuna anayemkatiza."

Mwimbaji akajibu, "Lakini ni fupi."

Wakaanza kugombana upya, palepale, mbele ya watoto wa shule. Mimi nilifurahi, maana ugomvi wa mdomo unafanyika huku watu wanatembea pamoja.

Halafu kijana wangu, ambaye anasomea mambo ya wanyama, amenieleza kwamba kwenye msitu wa Budongo, Uganda hukohuko, watafiti waliwasikiliza madume ya sokwe wanaopiga mizizi mipana ya miti kwa mikono na miguu. Mwaka 2022 wakachapisha kwamba kila dume ana mpigo wake, unamjua ni nani bila kumwona, na mpigo huo anautumia zaidi akiwa safarini, kuwaambia wenzake yuko wapi. Nikamwambia hilo tungewaeleza sisi kwa bei ya soda.

Kuhusu koo la mwimbaji: vumbi hakuna sana, ziwa liko palepale na miti ni mingi. Tatizo ni tumbili. Hao hawafugwi, wanajitembelea tu. Mwimbaji wetu alikuwa na kimfuko cha tangawizi mbichi ya sauti, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Tumbili akashuka, akakipokonya, akapanda juu ya tawi. Akachomoa kipande, akakinusa, akang'ata. Akamtazama mwimbaji. Akamrushia kile kipande usoni, na shabaha yake ilikuwa nzuri.

Mwisho, wewe mwenyewe wa besi, kaa kwa tembo. Nyuzi yako ya chini kabisa, ile E, iko kwenye hezi 41. Tembo wakizungumza wenyewe kwa wenyewe wanashuka chini ya 20, sikio letu halifiki huko. Nenda kasimame pale ujue kuna mtu anapiga besi chini yako, labda utapunguza sauti.

BintiKagera

Shikamoo Mzee wa Tumba. Nimecheka peke yangu kwenye taksi, ndiyo daladala ya huku, mpaka kondakta kaniuliza kulikoni.

Kaka wa besi, mimi ni wa Bukoba, nakaa Entebbe mwaka wa tisa, na kila ndugu anayekuja huwa nampeleka pale. Siku moja inatosha na inabaki. Ile barabara mpya ilifunguliwa 2018, tangu 2022 inalipiwa, lakini ukiwa na basi la watu kumi na mbili mtagawana hata hamtaisikia. Mtoke Kampala saa moja asubuhi, saa mbili na nusu mko getini. Asubuhi ndio wanyama wanakula na wako macho. Alasiri ziwa lina tabia yake, wingu linakuja bila hodi na mvua inapiga mkiwa katikati. Kila mtu awe na kitambulisho au pasipoti mkononi, sisi wa Afrika Mashariki kiingilio chetu ni tofauti na cha mgeni wa mbali. Nimeshaona watu wanabishana pale dirishani kwa Kiswahili kizuri kabisa kuthibitisha utaifa wao, haikusaidia.

Halafu mtahadharishe rapa wako na lugha. Mkifika kwa huyo ndege, mtunzaji atawaambia chakula chake ni mamba. Nimeona kundi zima la watu wa Tanga linarudi nyuma hatua tatu. Kwa Kiganda mamba ni yule samaki wa matopeni ambaye sisi tunamwita kamongo, mwenye mapafu, anayejizika kwenye tope kiangazi. Tena ni mwiko wa ukoo mmoja mkubwa sana wa Baganda, kwa hiyo anayesema "mimi ni mamba" hajitukani. Na mkiulizwa nyie ni wa ukoo gani msiseme tu "wa Temeke".

Huyo ndege porini yuko kwenye kinamasi cha Mabamba, ng'ambo ya ghuba. Wavuvi wa kule zamani walimchukia, waliamini ukimwona asubuhi hupati samaki siku hiyo, wengine wakawa wanamuua. Siku hizi haohao wanapiga kasia kuwapeleka watalii kumtafuta, na ukimwona ndiyo siku imelipa.

Kuhusu fensi. Pale palianza 1952 kama mahali pa kulelea wanyama yatima, waliojeruhiwa na waliokamatwa kwa watu. Hata sasa wengi ndio hao: sokwe aliyekutwa kwenye gunia, kasuku waliokamatwa mpakani kwenye mabomba. Vifaru wa porini Uganda waliisha mwanzoni mwa miaka ya 80, kwa hiyo mtoto wa Kampala pale ndipo anapojua kifaru ana ukubwa gani. Si Mikumi, na hakuna anayesema ni Mikumi.

Owino mwende Jumamosi asubuhi. Mkienda Jumatatu waimbaji hamtawatoa. Na chakula, msile hotelini, nendeni ufukweni mle sato mzima wa kukaanga. Huyo mwenye koo asiguse soda ya baridi hata akilia.

KinandaHamburg

Naongezea kidogo tu, kwa sababu ya neno la rapa kuhusu fensi.

Nipo Ujerumani, nacheza kinanda na bendi ya mchanganyiko, Wakongo wawili, Mmanyema mmoja na Wajerumani. Siku moja tulikuwa off hapa Hamburg, mtoto wa mpiga drums akataka kwenda zuu ya Hagenbeck, Stellingen. Tukaenda. Pazuri, siwezi kusema uongo. Ule mtindo wa kutenga wanyama kwa handaki badala ya nondo, kama huo wa sokwe wenu wa Entebbe, Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama aliyeianzisha, aliuwekea hataza 1896 na bustani yake ikafunguliwa 1907. Unamwona simba, na kati yako na yeye macho hayakutani na chuma.

Lakini tajiri huyohuyo alikuwa akionyesha watu pia. Alianza katikati ya miaka ya 1870 na Wasami kutoka kaskazini, na mifugo yao. Baadaye Wanubi, na wengine wengi. 1880 aliletewa Wainuit wanane kutoka Labrador, wakubwa kwa wadogo, hawakuchanjwa ndui kwa wakati, na ndani ya miezi michache wote wanane walikuwa wamekufa. Watazamaji walilipa kiingilio kuwaona wakipika, wakilala, wakiimba.

Nilisoma hayo kwenye simu nikiwa nimekaa benchi, ice cream mkononi. Jioni yake mratibu wa tamasha la wiki iliyofuata akanipigia, akaomba tuvae "kitu cha Kiafrika zaidi" na kama tunaweza kuanza kwa ngoma kabla ya vinanda. Huwa tunakubali, kodi ya nyumba haisubiri. Siku hiyo nilimwambia tutavaa mashati meupe.

Nendeni Entebbe. Mwambieni rapa fensi inategemea nani yuko upande gani. (Samahani, najua ulikataza "inategemea".)

BesiNyuziNne

Wakuu, tumerudi. Naleta ripoti.

Walikwenda tisa na dereva. Mpiga solo alilala kweli, na mmoja wa waimbaji alitorokea Owino akarudi na koti la zambarau ambalo sitalizungumzia hapa.

Rapa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuteremka kwenye basi. Mbele ya korongo-nyangumi aliinama mara kumi na nne, nilihesabu, na ndege hakumwona. Fundi mitambo, ambaye hasalimii hata watu, alitikisa kichwa mara moja tu akajibiwa na mdomo ukapigwa. Rapa akanuna hadi saa sita. Mtunzaji alipofika kwenye "anakula mamba" nilikuwa nimejiandaa, nikawaacha waruke kwanza ndipo nikawaelezea. Asante dada wa Kagera. Mvua ilikuja saa tisa kamili kama ulivyosema, ikatukuta kwenye sato, kwa hiyo haikututendea ubaya wowote.

Tangawizi niliificha ndani ya soksi. Tumbili wakachukua miwani.

Kwa tembo nilikaa dakika arobaini. Sikusikia kitu. Tembo mmoja alisimama upande wangu, masikio yanapepea, paji la uso kati ya macho likawa linatetemeka kidogo kama ngozi ya ngoma iliyowekewa kiganja. Nikamuuliza fundi mitambo kama anasikia chochote, akasema hapana, na kwamba tangu tuondoke Dar hajawahi kusimama karibu na besi akafurahi hivyo.

Masaka tulipiga vizuri. Sauti niliteremsha kidogo. Mpiga solo aliporefusha sebene, waimbaji wote watatu walikaa chini pembeni ya jukwaa wakaanza kutafutana chawa, na watu ukumbini wakapagawa. Sasa wanataka iwe kila shoo.

Mzee wa Tumba, kuna jambo la kwako. Mpiga drums wetu alirekodi ule mdomo kwa simu, sekunde tano, fundi akausafisha. Naye anasema moja ipo, tena anasema iko kwenye pigo la kwanza kabisa ambalo ni la chinichini na watu huwa wanalikosa. Nimeweka sauti hapa chini. Weka masikioni halafu utuambie.

Mzee wa Tumba

Nimesikiliza mara sita, na mke wangu ameshatoka chumbani. Haina moja.